Muziki Unaocheza Huenda Umeharibika: Mhadhara juu ya Kukagua Mafaili ya Nyimbo

 

Nimekuja na lengo moja. Nataka tukubaliane kwamba mtu mwenye nyimbo elfu ishirini kwenye diski, ambaye hajawahi kuzikagua, hajui ana nyimbo ngapi. Ana majina elfu ishirini. Nyimbo zenyewe ni suala lingine, na lina majibu yake ya kitaalamu ambayo hayahitaji fedha nyingi. Nitatoa hoja tano. Nyingine ni fupi, msiniulize mbona nimeziruka haraka.

Hoja ya kwanza: Sikio halitoshi kuwa shahidi

Santuri alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 zimepitiwa na sindano nyingi na vumbi la karibu karne nzima. Zile zilizobaki zinakwaruza, lakini bibi unamsikia. Santuri ikiharibika hujitangaza: mkwaruzo unaonekana kwa jicho, na sauti inafifia kidogo kidogo. Kaseti nayo hivyo hivyo. Ikianza kuvutika, sauti inayumba, nawe unapata muda wa kutafuta nakala nyingine kabla mambo hayajawa mabaya.

Faili halina adabu hiyo. Linaweza kukaa miaka kumi likiwa na jina lake, ukubwa wake na picha ya albamu yake, na katikati ya ubeti wa pili pana pengo. Tuliangalie kwa karibu. Muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kushoto na kulia. Hiyo ni baiti 176,400 kwa sekunde moja, na wimbo wa dakika nne unapita baiti milioni 42. Tuseme biti moja tu imegeuka, sifuri ikawa moja. Katika faili la WAV, ikiwa ni biti ya chini kabisa ya kipimo, hakuna binadamu atakayeisikia. Ikiwa ni ya juu kabisa, utasikia "tak" moja, utadhani ni mpiga ngoma.

Katika MP3 mambo hubadilika, kwa sababu muziki umebanwa. Umefungwa katika fremu za vipimo 1,152, yaani kama milisekunde 26 kila moja, na fremu huruhusiwa kuweka sehemu ya data zake katika nafasi iliyobaki kwenye fremu zilizotangulia. Jeraha la fremu moja kwa hiyo linaweza kumwagikia kwenye fremu za jirani. Hapo ndipo mnaposikia kile kilio cha ghafla kama ndege kakanyagwa, kisha wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na mara nyingi hamsikii hata hicho kilio. Programu za kuchezea muziki zimeundwa zisimsumbue msikilizaji. Zikikuta fremu mbovu huiruka au huinyamazisha, kisha husonga mbele. Kwa mtu aliye kwenye daladala hilo ni jambo jema. Kwa mtunza hazina ni kufichwa habari. Tena, hata kama sikio lingetosha, nani atasikiliza? Nyimbo elfu ishirini za dakika nne nne ni siku hamsini na tano, usiku na mchana, bila kulala. Naona watu wa redio mnacheka. Nyinyi walau mnalipwa kusikiliza.

Hoja ya pili: Uharibifu una sababu, na nyingi tunazifahamu

Sababu ya kwanza ni umeme. Unanakili albamu, umeme unakatika. Au umeme upo, ila kijana ana haraka na anachomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza. Kompyuta ikisema imemaliza, wakati mwingine sehemu ya kazi bado iko kwenye kumbukumbu ya muda ikisubiri kuandikwa. Matokeo ni mafaili yaliyokatwa njiani, au aina nyingine mbaya zaidi, ambayo nataka muikumbuke: faili lenye jina sahihi na ukubwa sahihi kabisa, na ndani yake kumejaa sifuri tupu. Mfumo uliandika jina, ukatenga nafasi, muziki wenyewe haukufika. Ukilinganisha folda mbili kwa majina na ukubwa, zitalingana. Anayekagua kwa kuangalia ukubwa wa folda, na ni wengi mno, faili hilo litampita.

Sababu ya pili ni flashi za uongo. Hapa nitakaa kidogo, maana ndizo zinazowaumiza watu wetu kila wiki. Flashi imeandikwa GB 512, bei yake ni ya kushangaza, na ukiichomeka kompyuta nayo inasema GB 512. Ndani mna GB 8. Kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Unaanza kumimina nyimbo, zinaingia, hakuna malalamiko. Zikizidi nafasi halisi, ama zinafuta zile za mwanzo, ama zinapotelea hewani. Lakini majina yote yanaonekana! Sababu ni kwamba orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa flashi, kwenye ile sehemu ya kweli. Mtu anaondoka na furaha yake, anafika nyumbani, nyimbo za kwanza zinacheza, za baadaye hazifunguki, naye analaumu redio ya gari. Dawa ipo na ni ya bure: programu kama H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza flashi data zinazojulikana kisha huzisoma upya na kukuambia ukweli. Ifanyeni kazi hiyo siku ya kununua, flashi ikiwa tupu. Muuzaji akikataa kukurudishia fedha, angalau nyimbo zako hazikuingia humo.

Sababu ya tatu ni uzee. Flashi na memori kadi hutunza data kwa chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya vijumba vidogo mno, na chaji hizo huvuja polepole, haraka zaidi kwenye joto. Flashi iliyokaa miaka kwenye dashibodi ya gari mahali kama Tanga au Mombasa isitegemewe kuwa ghala.

Ya nne ni makosa ya kimya ndani ya kompyuta yenyewe: RAM mbovu, waya uliolegea, kidhibiti cha diski chenye hitilafu. Mwaka 2007 wataalamu wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, walichapisha ripoti kuhusu data zao wenyewe na kueleza kwamba walikuta mafaili yaliyobadilika bila mashine yoyote kutoa onyo. Kama hilo linawatokea watu wenye mitambo ya kiwango kile, kompyuta yetu ya mtumba haiwezi kujiona salama.

Virusi nitavigusa tu. Vile vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato kwa kawaida huficha mafaili, haviyafuti. Kinachoyafuta ni hofu ya mwenye flashi anayekimbilia kuifomati.

Hoja ya tatu: Kila faili linaweza kupewa saini

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanahisabati Richard Hamming alikuwa akifanya kazi Bell Labs, Marekani. Mashine ya kukokotoa aliyopewa kuitumia mwishoni mwa juma iliweza kugundua kosa, lakini ikiligundua iliiacha kazi yake na kwenda kwenye kazi nyingine. Jumatatu anafika, hakuna jibu. Kwa hasira hiyo alijiuliza: kama mashine inajua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi na kulirekebisha? Makala yake ya mwaka 1950 ni moja ya misingi ya elimu yote tunayoizungumzia. Miaka kumi baadaye wanahisabati Reed na Solomon wakaja na hesabu ambazo ndizo zinazoiwezesha CD yenye mikwaruzo midogo kucheza vizuri.

Sisi leo tunahitaji kipande chepesi cha elimu hiyo: saini ya faili, au hashi kama wengine wanavyoiita. Fikirieni jumla inayoandikwa chini ya ukurasa wa daftari la duka. Mtu akigeuza tarakimu moja juu, jumla haitalingana. Hashi hufanya kazi kwa roho hiyo hiyo, ila kwa ukali mkubwa zaidi: ukibadilisha biti moja katika milioni mia tatu, saini yote hugeuka, haifanani hata kidogo na ile ya kwanza.

Saini inayotumika sana katika muziki ni MD5, aliyoibuni mtaalamu wa kompyuta Ronald Rivest mwaka 1991. Ina herufi na tarakimu 32, na idadi ya saini zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Kuna atakayeniambia kwamba MD5 ilivunjwa. Ni kweli, mwaka 2004 mtafiti Wang Xiaoyun na wenzake walionyesha namna ya kutengeneza data mbili tofauti zenye saini moja. Hilo linamhusu mhalifu anayeghushi kwa makusudi. Diski inayooza haina makusudi. Kwa kazi yetu MD5 inatosha, na anayetaka utulivu zaidi wa moyo atumie saini yenye nguvu zaidi, SHA-256.

Sasa tutazame aina za mafaili, maana hazifanani, na hapa ndipo ninapowaomba mafundi wanisikilize kwa makini.

FLAC, iliyoanzishwa na Josh Coalson na kutolewa rasmi mwaka 2001, ndiyo yenye heshima kuliko zote. Wakati wa kutengenezwa, faili la FLAC huandikiwa mwanzoni mwake saini ya MD5 ya muziki wenyewe kabla haujabanwa. Juu ya hapo, kila fremu ina namba yake ndogo ya ukaguzi. Ukiandika amri "flac -t" ikifuatiwa na jina la faili, programu inaufungua muziki wote kimoyomoyo, inapiga hesabu upya na kulinganisha. Likiwa zima, inakwambia zima. Likiwa bovu, inakutajia aina ya kosa. Albamu nzima humalizika kabla maji ya chai hayajachemka. Na kwa kuwa saini hiyo ni ya muziki peke yake, unaweza kusahihisha jina la mwimbaji au kubadilisha picha ya albamu na saini ikabaki halali. Anayejua jinsi majina ya bendi zetu yanavyoandikwa ovyo ataona thamani ya jambo hilo. Jihadharini na kitu kimoja: mafaili mengine ya FLAC, hasa yaliyotoka kwenye vinasa sauti, nafasi ya saini imejazwa sifuri. Hayo yanaweza kufunguka bila kosa, lakini saini ya kulinganisha haipo.

MP3 ni maskini. Kuna nafasi ya namba ya ukaguzi katika fremu, lakini ni ya hiari, wengi hawaiweki, na hata ikiwepo hulinda kichwa cha fremu na maelezo yake ya pembeni tu, haiulindi muziki. Kwa hiyo programu kama MP3val au FFmpeg zinaweza kukuambia kama mpangilio wa fremu umevurugika au faili limekatwa. Biti iliyogeuka katikati ya fremu inaweza kuzipita zote.

WAV haina ulinzi wowote. Ina kichwa kinachosema ukubwa, basi. Ukubwa ukitofautiana na faili lilivyo, ujue limekatwa. Na wanaorekodi maonyesho marefu ya taarabu wakumbuke kwamba kichwa hicho hakiwezi kuhesabu zaidi ya GB 4. Kwa ubora wa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, stirio, ukomo huo unafika baada ya saa mbili na dakika chache, wakati waheshimiwa ndiyo kwanza wanainuka kwenda kutunza.

Kwa MP3 na WAV, kwa hiyo, saini lazima uitengeneze mwenyewe na kuihifadhi pembeni, kwenye faili la maandishi. Na siku ya kuifanya ni ile faili linapozaliwa au linapokufikia, ukiwa umehakikisha ni zima. Ukichukua saini baada ya faili kuharibika, umeupa ubovu cheti.

Hoja ya nne: Nakala bila ukaguzi husambaza ugonjwa

Kila tukizungumzia usalama wa data tunaambiwa: weka nakala. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Ni kanuni nzuri na ninaifuata. Lakini tazameni watu wanavyoitekeleza. Kila Ijumaa programu inalinganisha diski ya kwanza na ya pili, na popote zinapotofautiana, ya kwanza inaandikwa juu ya ya pili. Faili likiharibika kwenye ya kwanza siku ya Jumanne, na kosa likabadilisha tarehe au ukubwa wake, Ijumaa nakala nzima ya mwisho inafutwa na mbovu inachukua kiti chake. Mwenye diski analala usingizi mzuri.

Agizo langu ni fupi: kagua kwanza, nakili baadaye. Saini isipolingana, tazama tarehe ya faili kubadilishwa. Tarehe ikiwa mpya, huenda kuna mtu alihariri jina la wimbo. Tarehe ikiwa ya zamani na saini imegeuka, hapo kwa kawaida hakuna mtu aliyehariri, diski ndiyo inayosema. Rudisha faili kutoka nakala nyingine, na anza kutafuta diski mpya. Wenye uwezo watumie mfumo wa kuhifadhia kama ZFS, uliotoka Sun Microsystems mwaka 2005, ambao hukagua wenyewe na kujirekebisha ukiwa na nakala kwenye diski zaidi ya moja.

Hoja ya tano: Saini haijui muziki

Hii naisema ili msitoke hapa mkidhani nimewauzia dawa ya kila ugonjwa. Saini inathibitisha kwamba faili halijabadilika. Haithibitishi kwamba lilikuwa jema. Mtu akichukua MP3 dhaifu ya kilobiti 128 akaigeuza kuwa FLAC, "flac -t" itapita bila tatizo, na muziki utabaki mbovu ule ule ndani ya koti la bei. Hapo utahitaji programu ya kuchora sauti kama Spek: kwenye MP3 ya aina hiyo mchoro kwa kawaida hukatika ghafla karibu na kilohezi 16, juu yake giza tupu. Rekodi ya kale ya kanda nayo inaweza kukosa sauti za juu, kwa hiyo msimhukumu mtu haraka. Ila kanda hufifia. Ukingo ulionyooka kama ukuta ni kazi ya kompyuta.

Vivyo hivyo kanda iliyohamishwa kwa kasi isiyo yake. Saini itaulinda uimbaji wa kitoto wa mzee mzima kwa uaminifu mkubwa mpaka wajukuu. Kwa hiyo masikio ya wazee waliopiga au kucheza muziki ule bado yana kazi, tena kazi ya mwanzo kabisa, kabla saini haijachukuliwa.

Ya mbele yetu

Mwaka 2019 UNESCO, kwa kushirikiana na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku: kwamba makadirio ya wataalamu wengi yanaonyesha mashine za kuzichezea, vipuri na mafundi wake vitakuwa adimu kufikia mwaka 2025 au karibu na hapo. Tarehe hiyo imefika. Nyimbo nyingi za bendi za NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na wenzao zilirekodiwa kwenye kanda katika studio za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kila kanda ya aina hiyo inayohamishwa leo inaweza kuwa imechezwa kwa mara ya mwisho. Faili linalozaliwa hapo, kwa hesabu zote, ndilo asili mpya.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Taasisi inayolipa fedha kuhamisha kanda isipokee diski bila orodha ya saini, na izikague saini hizo mbele ya aliyeleta kabla ya kusaini malipo. Upo hata mpangilio uliokubalika duniani kwa ajili ya makabidhiano ya namna hii, uitwao BagIt, ambao ni folda tu yenye orodha ya mafaili na hashi zake. Kijana wa mwaka wa kwanza wa chuo anaujifunza kwa siku moja. La pili ni kwenu wakusanyaji binafsi, ambao mara nyingi mna nyimbo ambazo redio hazina. Msianze na zote, mtachoka. Anzeni na zile ambazo mkizipoteza hamtazipata kwa mtu mwingine, zichukulieni saini mwezi huu, na zikagueni tena kila baada ya miezi sita. Orodha ya saini za nyimbo elfu moja ni ndogo kuliko picha moja ya simu. Itumeni kwa barua pepe kwenu wenyewe, ikae nje ya diski mnayoishuku.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Kompyuta yangu iko hapa mezani, programu zote nilizozitaja zimo na ni za bure. Walioleta flashi zao wasogee baada ya maswali, na tutaanza na zile zilizonunuliwa kwa bei ya kushangaza.